Povu la Mzee wa Maabara

Sikumwamini tangu siku ya kwanza. Nalisema hilo mapema, kabla sijaanza kumsifu, kwa sababu najijua: nikishaanza kumsifu mtu nasahau niliyomtendea.

Alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama pale Makote, Newala, akiwa amevaa koti jeupe la maabara lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, na chini ndala. Mkono mmoja alibeba ndoo yenye mfuniko. Mkono mwingine alibeba mwiko mpya wa kusongea ugali, ambao alitutangazia, salamu zikiwa hazijaisha, kwamba haujawahi kugusa ugali na hautaugusa.

"Shikamoo mzee," tulisema.

"Marahaba. Kuna mwenye haraka hapa?"

Tukatazamana.

"Mwenye haraka akaokote korosho. Kazi hii haimtaki."

Mama Hadija, mwenyekiti wetu, aliniinamia sikioni. "Huyu katoka wapi na koti la daktari?"

Alikuwa ametoka kwenye maabara ya shule moja ya sekondari. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mhudumu: kuosha chupa, kupima kemikali kabla wanafunzi hawajaingia, kufunga mlango wakishatoka. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, kisha ikaja ile miaka ya kupunguzwa, watu wakaletewa barua wakaambiwa asante. Yeye alirudi nyumbani na koti, silinda ya kioo yenye mistari ya kupimia, na ujuzi wa kutengeneza sabuni ya maji. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mzee wa Maabara, naye aliitika.

Lazima nieleze tulivyokuwa wakati ule, la sivyo tutaonekana watu wabaya tu. Mama zetu walikuwa wamezoea kupanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni, na ulipokosekana walifulia majani ya mpapai. Ghafla vitu vikafunguliwa. Duka ambalo jana lilikuwa na chumvi na viberiti sasa lilikuwa na sabuni ya unga kwenye pakiti, shampuu kwenye vipakiti vya kuchana kwa meno, sabuni ya chupa yenye picha ya limao isiyo na limao ndani. Wanunuzi binafsi wa korosho nao wakaja na mizani zao, na kila mizani ilisema lake. Gunia moja liliweza kuwa zito asubuhi na jepesi mchana. Kushuku ilikuwa akili. Asiyeshuku tulimwona mjinga.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, darasa la saba tu, sijaolewa, na nilikuwa mdogo kuliko wote kikundini. Waliniita Binti Daftari kwa sababu niliandika kila kitu. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa na kuunakili upya mpaka uwe safi. Nilijifunza hivyo peke yangu, kwa karatasi za dukani na vitabu vya kuazima, na niliamini kwamba kitu kikishaandikwa bila kosa kimekuwa changu.

Siku ya pili Mzee wa Maabara alimwaga mezani rundo la takataka: pakiti tupu, chupa tupu, maboksi yaliyokunjwa.

"Binti Daftari, soma hapa."

Lilikuwa neno refu la Kiingereza, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nililisoma kwa kulikatakata.

"Na hapa."

Neno lilelile. Lilikuwa kwenye shampuu, kwenye sabuni ya kuogea, kwenye sabuni ya vyombo, kwenye kopo la kuoshea magari.

"Ni kitu kimoja," alisema. "Wafanyabiashara wa mjini wanakiita sless."

Mama Hadija aliinuka. "Kitu kimoja kinaosha lori na kichwa cha mwanangu?"

"Kimoja. Vipimo tu ndivyo vinatofautiana."

"Na dawa ya meno?"

"Hapo anaingia mdogo wake. Ukoo mmoja."

Mama Hadija akatema mate pembeni, kana kwamba dawa ya asubuhi ilikuwa bado mdomoni. "Basi tunadanganywa!"

"Hamdanganywi. Wameandika. Hamsomi."

Kisha akafunua ndoo. Ndani kulikuwa na kitu kizito, kinachong'aa, kinachovutika kama mlenda uliopoa. Alichota kwa ncha ya kidole, akakitikisa kwenye karai la maji, na povu likapanda mpaka likamwagika ukingoni. Wenzangu walirudi nyuma. Mmoja alisema kitu kinachopanda namna hiyo lazima kina chakula chake, na chakula chake kitakuwa ngozi zetu. Mzee mwenyewe alilitazama povu kwa dharau, kama mtu anayemtazama mlevi akicheza ngoma.

"Povu ni tangazo," alisema. "Kazi inafanyika chini, kimya."

Hayo aliyarudia mpaka watoto wa jirani wakayashika. Alikuwa na mengine. Tulipokoroga kwa nguvu na kujaza ndoo mapovu alisema, "Koroga kama unamwamsha mgonjwa." Tulipotaka kuweka rangi kabla ya wakati alisema, "Rangi ni ya macho, na macho yanaweza kusubiri." Niliyaandika yote. Pembeni ya kila moja niliweka alama ya kuuliza.

Sasa, jambo la povu lilitugombanisha sana, na sababu yake ni maji. Kwetu uwandani maji yanatoka mbinguni kwa msimu, yanapita kwenye bati, yanaingia kwenye tangi la saruji, na yakiisha yanaletwa kwa baiskeli kutoka mabondeni. Mtu anajua vikombe vilivyobaki ndani ya ndoo yake kama anavyojua umri wa watoto wake. Mzee wa Maabara alitutengenezea sabuni yenye povu dogo. Mama Hadija akanunua chupa ya dukani Masasi, akaweka sabuni mbili kwenye mabakuli mawili mbele ya kikundi kizima. Povu la Masasi lilisimama kama keki. Letu lilikufa kabla hajamaliza sahani ya pili.

"Mzee, kwa heshima zote," alisema, "sless yetu unaipeleka wapi?"

"Suuza hiyo sahani yetu. Umetumia maji kiasi gani?"

"Kikombe."

"Suuza ya Masasi."

Alisuuza kwa kikombe. Sahani ikateleza. Akasuuza cha pili, ikateleza. Cha tatu alikimimina polepole huku akitazama ndoo yake ya maji kwa uchungu.

"Povu lina kiu," alisema Mzee wa Maabara. "Nimewapunguzia kiu."

Mama Hadija alifunika ndoo yake ya maji. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani alinishika kiwiko. "Maneno mazuri sana yale. Ila sless yetu anaipeleka wapi?"

Nikajipa kazi ya kupeleleza. Galoni ya sless ilikaa kwenye chumba cha kikundi, na ufunguo walikuwa nao Mzee wa Maabara na mwenyekiti. Nilichora mstari mwembamba wa penseli pale sless ilipofika, nikawa naukagua kila tunapofungua. Haikushuka hata mara moja siku ambayo hatukufanya kazi. Mtu mwingine angetulia. Mimi nilianza kushuku kwamba ameuona mstari wangu.

Hata hivyo alinipa sababu ya kushuku. Nilipomuuliza ile silinda ya kioo ameipata wapi alisema alipewa siku ya kuagwa. Mwezi mwingine Mama Hadija akamuuliza, akasema aliinunua. Nina majibu yote mawili kwenye daftari, na tarehe zake, na mpaka leo sijui la kweli. Tena yeye mwenyewe hakuogea sabuni yetu. Nilimkuta kwake na kipande cha sabuni ya mche kwenye kisahani cha kuogea.

"Mzee, wewe huogi ile yetu?"

"Ngozi yangu ya kizamani."

"Na zetu?"

"Zenu za soko huria," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Nilirudi nikaandika: Anatutengenezea asichotumia.

Lakini kulikuwa na siku ya mikono ya Mama Hadija. Alikuwa amebangua korosho wiki nzima, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemchoma mpaka viganja vinabanduka. Alipotaka kushika mwiko Mzee wa Maabara alimzuia.

"Hii sabuni inaondoa mafuta," alimwambia. "Haiulizi ni mafuta ya sufuria au ya mkono wako. Utalia."

"Mimi ni mwenyekiti. Nikae kama mgeni?"

"Kaa kama mgonjwa."

Kesho yake alikuja na mafuta ya nazi kwenye kichupa na mifuko miwili ya nailoni. Alimpaka mwenyewe, kidole kwa kidole, kisha akamvisha mifuko na kuifunga kwa uzi kwenye vifundo vya mikono. Mama Hadija alikoroga siku nzima akionekana kama mtu aliyekamatwa. Alilalamika sana. Hata hivyo niliona kwamba kile kichupa alikitunza.

Tabia ya mzee iliyonikera kuliko zote ilikuwa hii. Alitukataza kuonja chochote. Alisema maabara hailambwi, na aliyelamba kidole alifukuzwa kwa siku hiyo. Lakini yeye, kabla ya kuanza kazi, alichota maji ya kila ndoo kwa kikombe, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni huku anatazama chini, akameza. Ndipo alipoanza. Wapo waliosema anaomba dua. Wapo waliosema ana dawa yake chini ya ulimi. Mimi nilijiona msomi kuliko wote, nikaandika chini ya kichwa cha habari nilichokipigia mstari: Mbwembwe.

Na kuhusu chumvi hakutaja kipimo. Sless ikishayeyuka kwenye maji inakuwa nyepesi, na chumvi ndiyo inayoifanya ishikamane iwe nzito. Tulipouliza vijiko vingapi alijibu, "Mpaka ikubali." Jibu gani hilo kwa mtu mwenye silinda ya mistari? Nikahesabu mwenyewe mkono wake unapokwenda na kurudi, siku baada ya siku. Kumi na moja. Kwa ndoo yetu ile ilikuwa kumi na moja kila mara. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: VIJIKO KUMI NA MOJA. Nilihisi nimemkamata.

Baada ya hapo nikaalikwa Chiungutwa. Binti wa dada yangu alikuwa anatoka unyagoni, na siku ya kutoka wali, yaani mabinti waliofundwa, huogeshwa, hupakwa mafuta, huvishwa khanga mpya, na kila ndugu wa kike huja na kitu cha kuonekana. Mimi, mama mdogo, niliahidi sabuni ya kuwaogeshea wali wote wa siku hiyo. Ningeweza kuibeba imetengenezwa. Sikutaka. Nilitaka kuitengeneza pale pale, mbele ya wakwe wa dada yangu, nikiwa nimesimama na mwiko wangu. Nilipakia galoni ndogo ya sless, kijiko, daftari. Nikapita kwa Mzee wa Maabara kumuaga na kumweleza ninakokwenda. Akanitakia safari njema.

Nilifuata kila mstari. Maji ya kisima chao, ndoo ileile kwa ukubwa, mkorogo wa kumwamsha mgonjwa. Kwenye kijiko cha tatu sabuni ilishikamana vizuri mno, wanawake wakaguna kwa kuridhika. Daftari lilisema kumi na moja. Nikaendelea. Cha tano ikaanza kulegea. Cha nane ikawa kama mchuzi wa juzi. Cha kumi na moja ilikuwa maji yenye ukungu, na nilipotikisa kidole ndani yake povu lilichungulia likazama.

Wanawake wa unyagoni hawana huruma. Ulimi wao siku hiyo una ruhusa. Bibi mmoja mwenye meno mawili alianzisha, wengine wakadaka na vigelegele:

"Sabuni ya Newala, povu limebaki Newala!"

"Limebaki Newala!"

"Binti kaja na maji, na maji tunayo!"

Dada yangu alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mdogo wangu, si ungenunua tu ya dukani?"

Wali waliogeshwa kwa sabuni ya mche. Nami nilirudi Makote nikiwa na jambo moja tu kichwani: sikukosea. Daftari halikuwa na kosa. Kwa hiyo aliyekosea ni mwingine.

Kikao cha kwanza nilisimama. Mzee wa Maabara hakuwepo, nami nilijua hatakuwepo.

"Mama zangu, yule mzee anatuficha," nilisema. "Nimefanya kila anachofanya, kijiko kwa kijiko, na sabuni imekufa mkononi mwangu mbele ya watu. Kuna kitu anatia tusipoona."

Ilikuwa kama kutoboa gunia. Kila mtu alikuwa na punje yake. Mmoja akataja silinda, mwingine sabuni ya mche aliyoiona kwake, mwingine funda la maji. Mama Hadija aliinua mkono watu wanyamaze, akasema kwa sauti ndogo, "Asije tena." Alikwenda kumwambia mwenyewe. Aliporudi tulimuuliza mzee kasema nini.

"Kauliza nani kasema. Nikamwambia kikundi."

Habari hazikukaa Makote. Kikundi cha kijiji cha pili kilikuwa kimemwalika aanze kuwafundisha, wakaghairi. Sokoni watu walionyeshana kwa kidole chini kwa chini: yule anayeficha. Kwa mtu aliyekwisha kupewa barua ya kupunguzwa kazini, jina la ufundi ndilo alilokuwa amebakiwa nalo, na mimi ndiye niliyelichukua, kwa sentensi tatu, nikiwa nimesimama wima.

Kisha kiangazi kikaja. Matangi yalikauka, kikundi kikaanza kununua maji ya mabondeni, na sabuni yetu ikafa. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akina mama wakasema mzee ametuharibia mikono kwa husuda. Mimi sikulala vizuri siku hizo, maana ule ukungu ndani ya ndoo niliutambua. Nilikuwa nimeuona Chiungutwa.

Nikaanza kujaribu peke yangu, mchana, nyuma ya nyumba, kwa glasi. Maji ya mvua niliyobakiza kwenye mtungi. Maji ya baiskeli. Dada yangu akanitumia dumu la maji ya kisima chao kwa gari la mizigo, akicheka kwamba nimekuwa mganga. Glasi moja bila chumvi, moja na robo kijiko, moja na nusu. Niliona sabuni inapanda uzito, inafika juu, kisha ukizidisha chembe inashuka upande wa pili na hairudi. Na ile ya maji ya kisima ilipanda kabla hata sijaanza kutia chumvi vizuri. Hapo ndipo niliposhika kikombe nikanywa funda moja, nikalizungusha mdomoni.

Yalikuwa ya chumvi, na ya baiskeli vilevile. Kidogo tu, kama chozi. Watu wa kule wameyazoea, hawayasikii tena. Sisi wa maji ya bati tungeyasikia, kama tungeonja.

Nilikaa chini pale pale. Alikuwa anapima maji kwa ulimi, mbele yetu, kila siku, nami nimeandika Mbwembwe na kupiga mstari.

Nilipaswa kuinuka nikaenda kwa Mama Hadija saa ile ile. Sikwenda. Nilinyamaza siku, zikawa wiki, ikawa misimu miwili ya korosho. Nilijiambia ni aibu. Kikundi kilivunjika, mwiko ukapelekwa jikoni kwa mtu ukasongewa ugali, na mimi nikaendelea kutengeneza sabuni nyumbani, nikionja maji kwanza.

Nilimwendea hatimaye kabla ya mvua za mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi na kuyakariri. Nilimkuta juu ya ngazi, anatengeneza mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye tangi lake. Amekonda. Nyayo zake zilikuwa usawa wa macho yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti Daftari. Shika ngazi, inacheza."

Nilishika ngazi, nikaiambia miguu yake. "Nimekuja kuomba radhi. Nililosema kikundini halikuwa kweli. Hukutuficha. Yalikuwa maji ya Chiungutwa, yana chumvi yake, nami nikaongeza kumi na moja juu yake. Uliyaonja mbele yetu sote na mimi..."

"Msumari," alisema, mkono ukishuka.

Nilimpa. Akagonga. Nikasubiri amalize, nimesahau nilipofika.

"Umejuaje?"

"Nimejaribu kwa glasi."

"Ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna."

Nyundo ilinyamaza. Akashuka polepole, ngazi kwa ngazi, akakaa kwenye ukingo wa tangi na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Basi na mimi nikuambie, usije ukaomba radhi ya bure. Siku uliyokuja kuniaga nilijua. Maji ya kule nimeyanywa miaka mingi kabla yako. Nilijua ukitia chumvi ya daftari lako sabuni itarudi kuwa maji."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanitakia safari njema."

"Nilikutakia."

Sikuweza kumtazama. "Kwa nini, mzee?"

"Kila nikija lile daftari limenenepa. Nikajiuliza, likijaa, hawa wananihitaji kwa kazi gani? Kule maabara nilikuwa na vijana wawili. Niliwapa kila nilichokuwa nacho. Barua ilipokuja ilikuja kwangu. Nimeshapunguzwa mara moja, binti. Nikasema hili la maji nibaki nalo. Nilidhani ikiharibika utarudi uniulize." Akanitazama. "Hukurudi kuuliza. Ulirudi kusema."

Nitasema nilichohisi, ingawa ningependa kuandika kingine. Nilifurahi. Miaka miwili nimebeba mzigo wa kumsingizia mtu, kumbe nilikuwa sahihi: alificha. Furaha hiyo ilinipanda kifuani haraka kama lile povu la kwanza kwenye karai, nikafungua mdomo nimwambie hivyo.

Yeye akatangulia. "Hizo glasi ulimaliza lini?"

"Kiangazi kile cha kwanza."

"Akina mama waliacha lini?"

"Kiangazi hicho hicho."

"Na wewe uliacha?"

"Sikuacha."

"Nani mwingine umemwambia habari ya chumvi?"

Nimesema hapo juu kwamba nilinyamaza kwa aibu. Aibu ilikuwepo, sikudanganya. Lakini Makote nzima ilikuwa inanunua sabuni kwangu, kiangazi na masika, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeweza kuitengeneza, na wenzangu walipokuja na vikopo vyao wakaniuliza nafanyaje, niliwajibu, "Mpaka ikubali." Nilitoa jibu hilo mbele ya Mama Hadija, na mikono yake ile.

"Hakuna," nilisema.

Hakucheka, wala hakunionea huruma. Aliitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyekuta kipimo kiko pale alipokitegemea.

"Nenda kamwambie Mama Hadija."

"Nimwambie nini?"

"Langu na lako."

"Lako siwezi kulisema mimi, mzee. Nikilisema watadhani najitetea tena. Na nikilisema langu tu, watakurudisha kama malaika, nawe utajua si kweli."

Alitazama mfereji uliokuwa umening'inia nusu, akatazama mbingu ambazo zilikuwa bado tupu.

"Basi twende wote," alisema. "Wewe useme lako, mimi langu. Nani ataanza?"

"Wewe ni mkubwa."

"Wewe ndiye uliyesimama kikaoni."

Hatukuelewana. Tukatoka hivyo hivyo, tukashika njia ya kwenda kwa Mama Hadija, yeye mbele na mimi nyuma kidogo kwa heshima. Njia nzima nilikuwa namtazama mgongo, nikijiuliza kama kweli akifika pale atasema lake lote au atabakiza kitu. Naye kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kunitazama, na naamini alikuwa anajiuliza hilo hilo.